Naombeni ushauri: mwanangu anacheza mazishi kila siku

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani. Huu ni mwezi wa tatu tangu baba yangu mzazi afariki. Alikuwa mvuvi, na binti yangu wa miaka minne ndiye aliyekuwa akimpokea kikapu mlangoni kila akirudi pwani.

Tangu arobaini ipite, mtoto ana mchezo mmoja tu. Anachukua kifuu cha nazi, anakiita ngalawa ya babu. Ndani anamlaza kijitoto cha matambara, anamfunika kipande cha kanga yangu, kisha anamfukia mchangani chini ya mwembe. Akikaa kidogo anamfukua: "Babu, amka, chai tayari." Halafu anaanza upya. Juzi nilihesabu mara saba. Na usiku amerudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha mwaka jana.

Mama anataka nimkataze, anasema ni uchuro. Mimi moyo unakataa. Ninavyofahamu, mtoto wa umri huu bado haelewi kwamba aliyekufa harudi tena, na asichoweza kukisema hukitoa kwa mikono, kwenye mchezo. Kosa naliona kwetu tuliomwambia "babu amesafiri". Siku hizi akiona mtu kabeba begi, hata baba yake, analia.

Walimu wa chekechea na wazazi mliopitia haya, nikae nicheze naye au nimwache? Ukweli nimwambie kwa maneno gani? Na huko kukojoa, nisubiri mpaka lini kabla ya kumpeleka hospitali?