Mjadala: Nguvu ya harikeni au maji yake, fedha za umma ziende wapi?

Mleta mada: Wakuu, jioni ya tarehe 23 Oktoba 2023 utabiri ulikuwa bado unasema Otis, harikeni (yaani kimbunga) ya Bahari ya Pasifiki, itafika pwani ya Mexico ikiwa dhoruba ya kitropiki tu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 ikaingia karibu na mji wa Acapulco ikiwa kimbunga cha daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa, upepo karibu kilomita 260 kwa saa. Kilichowapiga chenga watabiri ni nguvu. Njia ya kimbunga huamuliwa na mikondo mikubwa ya hewa, na kompyuta huiona vizuri. Nguvu huamuliwa ndani, kwenye ukuta wa mawingu unaozunguka jicho na kwenye joto la bahari chini yake. Marekani ilianzisha mpango maalumu wa kurekebisha hili mwaka 2009, na modeli yao mpya ya kompyuta ya kutabiri vimbunga, HAFS, ikaanza kazi mwaka uleule wa Otis. Msimamo wangu: pesa ya kutabiri nguvu iongezwe, tena ianze na vipimo vya ndege na setilaiti kabla ya kompyuta.

Nahodha: Nakupinga, mkuu. Upepo ndio unaotangazwa, maji ndiyo yanayoua. Kati ya 1963 na 2012, takriban vifo tisa kati ya kumi vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki huko Marekani vilitokana na maji. Katrina ilipofika nchi kavu 2005 ilikuwa imeshuka hadi daraja la tatu, lakini pwani ya Mississippi bahari ilipanda zaidi ya mita 8. Helene 2024 ikaenda kuua watu kwa mafuriko milimani North Carolina, mbali na pwani. Hao ungewasaidia nini kwa kuwatajia kasi ya upepo wa pwani?

Bi Hesabu: Nahodha, hiyo ni nusu ya habari. Modeli ya kutabiri maji ya bahari yatapanda kiasi gani inalishwa nini kama si upepo? Ukikosea kasi na upana wa kimbunga, na kimo cha maji umekikosea. Katrina hiyohiyo ilikuwa daraja la tano ikiwa baharini, na maji iliyokwisha kuyasukuma hayakugeuka nyuma eti upepo umepungua. Ya milimani nakuachia, pale ni mvua.

Kijana wa Data: Mnabishania mambo ya jana. Mwaka 2025 watabiri wa kituo cha vimbunga cha Marekani kilichopo Miami walikuwa na modeli ya akili mnemba ya Google DeepMind mezani. Kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba kikiwa daraja la tano, na ukali wake ulitangazwa siku kadhaa kabla. Ndege za nini tena?

Mleta mada: Kijana, hiyo akili mnemba imefundishwa kwa rekodi za nani? Ndege huingia hadi jichoni na kudondosha kifaa chembamba chenye parachuti, kinapima kanieneo, joto, unyevu na upepo, kinatuma kwa redio mpaka kinapogonga bahari. Otis ilipokuwa inakua, watabiri walitegemea picha za setilaiti. Ndege ilipofika mchana wa tarehe 24 ndipo ikajulikana ina nguvu kuliko walivyodhani. Halafu mwaka 2025, msimu wa vimbunga ukiwa umeshaanza, Marekani ikatangaza kukata data za setilaiti za kijeshi zinazoona kupenya mawingu! Wataalamu walipiga kelele, uamuzi ukarudishwa nyuma. Ukizima macho hayo, modeli yako itakula nini?

Nahodha: Kwenye setilaiti tuko pamoja. Ila nijibu: hata wangeongezewa saa 12, watu wa Acapulco wangekwenda wapi? Mji wa watu laki kadhaa hauhamishwi usiku mmoja. Nionyeshe kwanza bajeti ya makazi ya dharura, ndipo tuongelee ndege.

Bi Hesabu: Nani kasema uhamishe mji mzima? Miongoni mwa waliokufa ni mabaharia waliobaki ghubani kulinda boti, kama wafanyavyo dhoruba ikiwa ndogo. Hao hawakuhitaji bajeti ya makazi. Walihitaji kuambiwa mapema washuke.