Waya za meno: nyembamba namna hii kweli zitafunga mwanya wa mbele?

MamaLulu_Kisauni
Asalaam aleikum jamaa. Binti yangu ana miaka 13, akifunga mdomo meno ya nyuma yakutana lakini ya mbele yabaki wazi, ncha ya kidole yapita. Sambusa hawezi kuikata kwa mbele mpaka aitie pembeni. Sasa ametiwa vyuma, waya yenyewe nyembamba kama uzi, na viraba vidogo vya kuvuta juu na chini. Shangazi yake ashikilia tumeliwa pesa, ati waya ya maana yakazwa mpaka mtoto alie. Nirudi nimwambie daktari akaze?

Tudor_4
Wacha kabisa dada. Mie nilivaa ukubwani, siku mbili tatu za mwanzo wasikia meno yauma ukitafuna, basi. Maumivu si kipimo cha kazi.

tabibu_meno_msa
Wa aleikum salaam mama. Waya nyembamba ndiyo yenyewe ya kuanzia. Jino halivutwi kwa mabavu, mzizi umezungukwa na ngozi laini yenye mishipa ya damu, ukilivuta pole pole mfupa wa upande mmoja waliwa na wa upande wa pili wajengwa, ndivyo jino lahama. Ukikaza sana damu yakatika hapo, jino lasimama wiki kadhaa halisogei na ncha ya mzizi yaweza kuliwa, na mzizi ukishaliwa haurudi. Kushusha jino la mbele kwatosha nguvu ya gramu 35 hadi 60 hivi. Waya za kwanza ni za nikeli na titani, ukizipinda zataka kurudi umbo lake kwa hivyo zavuta kidogo kidogo mchana na usiku, na zile nene huja baadaye.

Kazi kubwa ni hivyo viraba. Avae saa zote alizoambiwa na abadilishe kila siku, mate yavilegeza. Akivivaa usiku pekee mtangoja sana.

Nikuulize, alinyonya kidole? Na akimeza mate ulimi watokea hapo kwa mwanya?

MamaLulu_Kisauni
Kidole alinyonya mpaka darasa la tatu 😩 ulimi naam watoka hata akisema s. Na akilala mdomo wazi, akoroma.

tabibu_meno_msa
Basi hapo ndipo pa kushughulikia kuliko unene wa waya. Mwambie daktari hayo yote, kuna mazoezi ya ulimi, kuna na kikingio cha waya chatiwa nyuma ya meno. Koroma hiyo mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyama za nyuma ya pua. Ulimi ukiendelea kusukuma, hata mkifunga mwanya leo vyuma vikitoka wafunguka tena, na ndio maana baada ya vyuma kuna kifaa cha kushikilia meno, msikiache.

Nyali_mama2
Wangu mkubwa aliambiwa tatizo ni la taya si meno tu, akatiwa skrubu ndogo kwa ufizi kuyazamisha magego, eti nyuma yakizama milimita 1 mbele pafunga kama 2 au zaidi. Kuna wengine watu wazima huishia upasuaji wa taya, kwa hivyo miaka 13 mumewahi.

MamaLulu_Kisauni
Shukran sana. Na mabuyu? Huyu bila mabuyu hatoki shule 😅

Tudor_4
Amumunye atakavyo ila kokwa asizitafune, na baada ya hapo apige mswaki maana ile sukari yaganda kwa vyuma. Mhogo mkavu na miwa aage. Kibati, kile kipande kilichobandikwa kwa jino kushika waya, kikibanduka jino hilo halivutwi mpaka mrudi kubandika.