Nalipia intaneti ya nyumbani, lakini hakuna anayeweza kuingia kwangu: mtoa huduma ameniuzia nini?

Wakuu, nina hasira, salamu mtanidai baadaye.

Niko Lubumbashi, komuni ya Katuba. Nyumbani nimesimamisha BBS, ule ubao wa matangazo wa zamani ambao mtu aliupigia simu kwa modemu, akasoma ujumbe, akaacha wake, akachukua faili, akacheza zamu yake, kisha akakata ili mwingine aingie. Programu ni RemoteAccess, ya DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani), inaendeshwa ndani ya DOSBox, emuleta yaani programu inayoigiza kompyuta ya wakati ule, kwenye kompyuta ndogo ya mtumba yenye Linux. Kwenye skrini ya kukaribisha nimechora kwa mkono msalaba wa shaba wa Katanga, kipande kwa kipande, kwa zile alama za CP437, seti ya herufi na vijichoro ya kompyuta za DOS. Kila kitu kinafanya kazi. Nalikazia hilo kwa sababu najua wapo watakaokuja mbio na "emuleta zina matatizo, hamia Synchronet", programu nyingine ya BBS. Emuleta haina kosa lolote. Mwenye kosa ni anayeniuzia intaneti.

Kwa asiyejua inavyokwenda: DOSBox inaidanganya RemoteAccess kwamba kuna modemu kwenye COM1, tundu la waya la kompyuta za zamani. Ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, serial1=modem listenport:2323. Mtu akija kwa telneti (njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa maandishi) kwenye poti hiyo, yaani mlango namba 2323, RemoteAccess inaona neno RING, inajibu ATA (pokea simu), halafu CONNECT, mtu yuko ndani. Ni amri zilezile za modemu za Hayes za mwaka 1981. Programu haijui kwamba hakuna waya wa simu, na haina haja ya kujua. Kijana wa jirani aliyeshika Wi-Fi yangu anaingia, anacheza Legend of the Red Dragon mpaka mapambano yake ya siku yaishe, anatoka.

Kijana huyohuyo akivuka barabara na kutumia mega za simu yake, hapati kitu. Hapati bizi, hapati "nenosiri si sahihi". Kimya.

Nikafungua ruta. Upande wa nje inaonyesha adresi inayoanza na 100.72. Tovuti za kukuonyesha adresi yako zinataja nyingine kabisa. Wanaojua wameshaelewa. Adresi za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa: mtoa huduma anawarundika wateja wengi nyuma ya adresi moja ya umma. Ukitoka wewe kwenda nje, sawa, mtambo wao unakumbuka ulivyotoka na unakurudishia majibu. Wa nje akianza yeye, anafika kwenye mtambo wao, mtambo haujui ni yupi kati yetu anayetafutwa, unamtupa. Hapo kufungua poti kwenye ruta yangu ni kujichosha bure. Nimeuziwa simu inayopiga tu, haipigiki.

Nikaenda dukani kwao, mjini. Foleni, halafu kijana mwenye beji.

— Papa, koneksio iko ao haiko?
— Iko.
— Sasa tatizo ni nini?
— Watu hawawezi kuingia kwangu.
— Kuingia wapi, papa?

Akamwita mkubwa wake, ambaye walau alilijua jambo lenyewe. Adresi ya publiki ni ya basosiete (makampuni), akasema, lakini ukipanda kwenye forfe (kifurushi) ya juu unapewa. Nikapanda. Nimelipa kwa dola, risiti ninayo. Nikarudi nyumbani, nikangoja delestaji (mgao wa umeme) iishe, nikawasha ruta. 100.72 tena! Zimebadilika tarakimu za mwisho tu. Napiga simu huduma kwa wateja, naambiwa "forfe yako iko aktivu". Nani aliuliza kama iko aktivu?

Mnajua kinachoniuma zaidi? Januari 1978, Chicago, theluji imewafungia watu ndani, Ward Christensen na Randy Suess wakaanza kuunda CBBS, ubao wa kwanza wa aina hii. Walikuwa na laini moja ya simu na modemu ya mwendo wa kobe. Laini ile aliyekuwa na namba yake aliipigia, na hakuna aliyewauliza kama wao ni sosiete. Tom Jennings alipoanzisha FidoNet mwaka 1984, BBS za majumbani zilipigiana zenyewe usiku wa manane, simu zikiwa rahisi, zikabadilishana barua mpaka ng'ambo ya bahari. Mashine iliyo mezani kwangu inaigiza kompyuta nzima ya wakati ule, modemu yake ikiwemo, na bado inabaki na akiba ya nguvu. Kinachokosekana ni kitu ambacho laini yoyote ya simu ya nyumbani ilikuwa nacho.

Sasa wale wa "pangisha seva ndogo nje, vuta handaki la SSH", yaani wageni waingie kwenye seva yenye adresi ya umma, nayo iwapitishe kwa njia iliyofungwa mpaka kwangu. Nimevuta. Sikilizeni matokeo.

Seva iko Ulaya. Rafiki yangu yuko Kenya (komuni yetu ya Kenya, siyo nchi), jirani kabisa na Katuba, kwa miguu unafika. Anachoandika kinatoka kwake, kinakwenda Ulaya, kinarudi kwangu. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 0.4. Kusoma ujumbe utavumilia. Kuchukua faili kwa XMODEM ndiyo balaa, kwa sababu XMODEM inatuma baiti 128, inakaa, inangoja mwenzake aseme nimepata, ndipo itume 128 nyingine. Piga hesabu: baiti 320 kwa sekunde. Modemu ya biti 2400 ya miaka ya 80 ilikuwa inatoa kama 240. Faili la kilobaiti 100 linachukua zaidi ya dakika tano kati ya komuni mbili zinazopakana! Imeniokoa ZMODEM ya Chuck Forsberg, ya mwaka 1986, ambayo inamimina bila kungoja kila kipande. Hata hiyo inataka uangalifu: telneti huichukulia baiti 255 kama ishara ya amri, kwa hiyo pande zote mbili zisipokubaliana, faili linafika limeharibika.

Na ukishapata adresi ya umma, hata hiyo ya kukodi, wageni wa kwanza siyo binadamu. Nilianza na poti 23, ile ya kawaida ya telneti, na sikumaliza hata chai. Ubao unauliza "Jina lako?", mgeni anajibu root. Unauliza "Unatoka mji gani?", anajibu xc3511. Ni roboti za ukoo wa Mirai, ile programu haribifu iliyosumbua dunia mwaka 2016, zinazunguka zikijaribu nywila za kiwandani za kamera. Mimi nina laini mbili tu, DOSBox mbili. Roboti mbili zikikaa humo kujaza fomu, binadamu hana pa kuingilia. Kwa muda nilikuwa na mwanachama halali kabisa anayeitwa Enable System, mkazi wa Shell. Nimehama poti, wamepungua.

(Watakaouliza habari za umeme: kwenye DOSBox usiweke cycles=max (kasi ya juu kabisa), itakula kiini kizima cha prosesa bila kazi. Ya kwangu iko 3000, wanaoingia hawaoni tofauti, na betri inafika asubuhi.)

Tafadhali msije na "adresi zimekwisha". Najua. IPv4, mfumo wa adresi uliozoeleka, ina biti 32, adresi kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika linalogawa adresi Afrika, ilishaanza kuzigawa kwa kupimiana. Basi tupeni IPv6, mfumo mpya wenye adresi nyingi mno, si ndiyo iliundwa kwa ajili hiyo? Kwenye ruta yangu sehemu ya IPv6 iko tupu kabisa. DOSBox haiielewi, sawa, lakini socat, programu ndogo ya kuunganisha njia mbili, naiweka mbele yake kwa amri ya mstari mmoja, hilo niachieni mimi. Na kama adresi ya umma ni ya kulipia, taja bei nilipe. Nilichokataa ni kuuziwa jina la forfe halafu ndani nikute kilekile.

Ninachotaka kwenye uzi huu siyo pole. Aliyeko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi mwenye adresi ya umma kwelikweli nyumbani, siyo ofisini, aseme analipa kiasi gani kwa mwezi na ruta yake inaonyesha namba mbili za kwanza zipi, kama 100.72 yangu. Mbili zinatosha, nyingine ficha. Na mwenye mkataba ulioandikwa wazi kwamba adresi ni ya kushirikiana, piga picha ukurasa huo, funika jina lako, uweke hapa. Wa kwangu nimeusoma mbele na nyuma, hilo halimo, na kesho asubuhi narudi dukani nao pamoja na risiti.