Nitajuaje kama vazi langu la maji baridi linafaa kabla ya safari ya kayaki?

Swali

Wapenzi wa kayaki, salaam. Nimenunua vazi lisilopitisha maji, lile la kipande kimoja lenye kola ya mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na soksi zilizounganishwa nalo. Maji ninayotarajia kuyapita yana nyuzijoto 9, ingawa hewa ya mchana hufikia 18. Muuzaji amenihakikishia kwamba halivuji, nami nimelivaa nyumbani mara mbili bila tatizo isipokuwa kubanwa shingo. Je, hilo linatosha?

Jibu la kwanza

Halitoshi, ndugu yangu. Nyumbani umepima kama nguo inakuenea. Kama itakukinga hujapima bado. Vazi la aina hiyo kazi yake ni kuzuia maji tu, na joto hutunzwa na nguo unazovaa ndani yake, kwa hiyo lazima uingie majini ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa siku ya safari, jaketi okozi likiwemo. Wala hewa ya nyuzijoto 18 isikudanganye, kwa maana maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa.

Tafuta mahali maji yanapokufika kifuani, pasipo na mkondo, upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, na mwenzako akiwa karibu na nguo kavu. Kabla ya kuingia, chuchumaa na uivute kola ya shingo kidogo kwa kidole ili hewa iliyonaswa itoke, kwani ukiiacha itakimbilia miguuni na kukuharibia mizani. Ingia taratibu, kisha ulowanishe uso. Maji baridi yanapogusa ngozi ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kupenda na kuendelea kuhema kwa dakika moja hadi tatu. Subiri hali hiyo itulie ndipo uendelee. Kaa humo dakika 15. Wengi hutoka baada ya dakika mbili wakijisifu, ilhali kwa muda huo baridi haijaanza hata kufika vidoleni.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila mimi ningeweka uzito zaidi kwenye mikono. Jaribio langu la kwanza lilinitoa mkavu kabisa, lakini nilishindwa kufungua kifungo cha jaketi langu mwenyewe kwa sababu glavu nilizochagua zilikuwa nyembamba mno na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa hiyo, dakika ya kumi ikifika, shika kafi, fungua na kufunga kifungo cha jaketi, bonyeza vitufe vya redio, kisha ujaribu kurudi ndani ya kayaki. Usifanye hivyo mwanzoni ukiwa bado na nguvu, kwani hapo kila mtu hufaulu.

Ukitoka, kagua nguo za ndani, ambazo ni vizuri ziwe za rangi inayoonyesha unyevu. Jasho huenea mgongoni na kwapani, ilhali maji yaliyovuja huacha alama inayoanzia mahali pamoja, mara nyingi mkononi, shingoni au kando ya zipu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Yamebaki mawili: je, niikate kola ili isinibane, na fulana ya pamba inafaa ndani?

Jibu la kwanza

Pamba iache kabisa, kwa sababu ikilowa, hata kwa jasho, haikupi joto. Vaa sufu au poliesta. Kola usiikate leo. Ivishe sufuria yenye upana unaokaribia wa shingo yako, bila kuivuta kupita kiasi, uiache usiku kucha, kisha uivae tena. Ikiwa bado inakutia kizunguzungu au inazuia pumzi, ndipo uipunguze milimita chache kwa mkasi mkali, ukijaribu kila mara kabla ya kukata tena, kwani mpira uliokatwa haurudi. Kubanwa kidogo ni kawaida, na kola isiyobana hata kidogo itaingiza maji.

Jibu la pili

Na zipu aikague mwenzako hadi mwisho wake. Nafasi ya upana wa kidole tu iliyobaki wazi inatosha kukujaza maji hadi kiunoni, hata kama vazi lenyewe ni zima.