Mrejesho: hablar katika wakati uliopita wa mazoea

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kunyumbua kitenzi cha Kihispania hablar, yaani kuzungumza, katika wakati uliopita wa mazoea. Nilifuata ushauri wa kuondoa -ar, kuweka miisho ya -aba, na kukariri kwa sauti, kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao: hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban, na sasa yananitoka bila kusita, ingawa alama ya mkazo ya hablábamos bado huwa naisahau. Comer (kula) na vivir (kuishi), vinavyochukua -ía, havikunisumbua. Ushauri wa kufikiri kwanza “nilikuwa nikizungumza” umenifaa nusu tu, kwa kuwa -li- yetu hubeba mazoea na tendo lililokwisha pia; juzi niliandika ayer hablaba con ella dos veces (jana nilizungumza naye mara mbili), mwalimu akasahihisha kuwa hablé, umbo la tendo lililokwisha, kwa sababu nilishahesabu mara mbili.