Bonasi ya ukaribisho kasino ya mtandaoni: elfu 50 juu ya elfu 50, naitoaje?

Muuza Kava, Kariakoo

Wakuu habari za jioni. Nina meza ya kava na chaja Mtaa wa Aggrey. Jana usiku nimejiunga na kasino moja ya mtandaoni, nikaweka 50,000 kwa simu, wakaniletea ujumbe kuwa wananiongezea asilimia 100, yaani 50,000 nyingine. Bado haijaingia, kuna vitufe viwili: Kubali na Kataa. Masharti nimeyasoma nusu. Kuzungusha mara 35, ndani ya siku 7, dau lisizidi 2,500. Kuna mtu amewahi kuitoa hela ya namna hii ikafika kwenye laini? Nafikiria pia kujiunga na kampuni tatu kwa mpigo nikusanye bonasi zote, mtaji wa meza ukue. Wenye uzoefu naomba mnielekeze.

Bajaji Buguruni

Kubali mkuu, hela ya bure hiyo. Mimi mwezi uliopita nilipewa spini 20, yaani mizunguko 20 ya bure, bila kuweka hata mia, nikatoa 8,000. Wewe nenda ruleti, ule mchezo wa gurudumu na kijipira, weka nyekundu na nyeusi kwa pamoja, dau sawa. Unamaliza mzunguko wao bila kupoteza kitu.

Wakala Rangi Tatu

Mdogo wangu Muuza Kava, usibonyeze chochote kwanza. Mimi ni wakala wa pesa Mbagala, mwaka wa nne sasa kwenye kibanda hiki, na hizi bonasi nimezicheza daftari likiwa mkononi.

Rudi kwenye hiyo mara 35. Mara 35 ya nini? Ya bonasi peke yake, au ya bonasi pamoja na hela uliyoweka? Ikiwa ni bonasi tu, jumla ya madau yako lazima ifike 1,750,000 kabla ya kutoa. Ikiwa ni vyote viwili, 3,500,000. Sloti nyingi, ile michezo ya picha zinazozunguka, huandikwa zinarudisha kama asilimia 96, maana yake kwenye kila 100 unayozungusha, 4 inabaki kwao kwa wastani. Asilimia 4 ya 1,750,000 ni 70,000. Unalipa 70,000 kuipata 50,000. Na ikiwa ni 3,500,000, hapo ni 140,000, wakati salio lako lote ni 100,000. Wapo wanaopiga sloti kubwa katikati wakavuka, sikatai, ila wengi salio linakata njiani.

Kipimo ninachotumia mimi: kwenye sloti ya asilimia 96, bonasi inayohesabiwa peke yake naitazama ikiwa chini ya mara 25. Ikihesabiwa pamoja na hela yangu, chini ya mara 12. Juu ya hapo siigusi. Uingereza mwaka 2025 tume yao ya kamari ilitangaza kuwa bonasi isizungushwe zaidi ya mara 10. Ndiyo ujue hiyo 35 yako ni nzito kiasi gani.

Kaka wa bajaji, hizo spini 20 ulicheza vizuri, hukuweka chako. Lakini nyekundu na nyeusi usimpe mwenzio. Ruleti ya Ulaya ina namba 37, na sifuri ni kijani. Ikitua hapo madau yote mawili yameondoka. Tena kasino nyingi huhesabu ruleti asilimia 10 tu, yaani ukiweka 1,000 unaandikiwa 100, nyingine haziihesabu kabisa. Na kubeti pande zote mbili kwa hela ya bonasi kwa kawaida ni kosa lililoandikwa kwenye masharti, wakikuona wanafuta bonasi na ulichoshinda. Yapo kwenye yale maneno ambayo redioni husomwa mbio mbio, vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mwaka juzi niliweka 20,000 nikapewa 20,000, mara 30 ya vyote, jumla 1,200,000. Nilikuwa nafunga kibanda saa 3 usiku, nakaa kitandani na daftari, dau 500, nachora mstari kila spini ya kumi. Nikafika 860,000 salio likaisha. Siku ya nne hiyo. Miezi miwili baadaye nikapata kampuni nyingine, 10,000 kwa 10,000, mara 10 ya bonasi tu. Nikazungusha 100,000 kwa jioni mbili, nikabaki na 17,400, nikatoa zote. Faida 7,400. Ndiyo bonasi pekee niliyoiona ikinilipa.

Kuna jambo moja linanikaa moyoni. Kijana mmoja jirani alikuja dirishani kwangu mara sita siku moja, 5,000, 5,000. Mara ya sita akanionyesha simu: mstari wa kijani unaoonyesha umezungusha kiasi gani umefika asilimia 88. Akasema, dada, imebaki kidogo tu. Salio la bonasi lilishakata tangu mchana, alikuwa anajaza hela yake mwenyewe ili mstari ufike mwisho. Nilimkatalia ule muamala, akaenda kwa wakala wa pili. Mstari huo usikuvute, Muuza Kava. Bonasi ikikata, imekata.

Za kampuni tatu kwa mpigo hazikatazwi, kinachokatazwa ni akaunti mbili kampuni moja. Lakini hiyo ni 150,000 kutoka kwenye meza yako ya kava. Usifanye.

Fundi Simu Tandika

Naongeza moja. Laini iwe kwa jina lako, lile lile la kitambulisho cha NIDA. Mimi nilijisajili kwa laini ya kaka yangu, nikashinda 64,000, wakataka majina yafanane, wiki tatu nabishana nao kwenye chati na hela haikutoka. Na kabla ya kuweka hata mia, hakikisha wana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, la sivyo ukidhulumiwa huna pa kwenda.

Muuza Kava, Kariakoo

Dada Wakala, asante sana. Nimewauliza kwenye chati. Wamejibu: mara 35 ya vyote viwili. Ile 3,500,000. Nimepiga hesabu, ni spini 1,000 za 500 kila siku kwa siku saba, na mimi niko mezani toka saa 2 asubuhi. Niseme ukweli, hiyo 50,000 ilikuwa ya kuongezea mzigo wa kava. Nikibonyeza Kataa, nitaitoa?

Wakala Rangi Tatu

Waulize, wengi wanataka hela yako uizungushe walau mara 1 kabla ya kutoa. Kwa 50,000, kwenye sloti ya asilimia 96, hapo wastani unapoteza 2,000. Dau dogo, usibadilishe mchezo, ukifika 50,000 ya madau simama hapo hapo.

Muuza Kava, Kariakoo

Nimekataa. Ilikuwa mara 1 kama ulivyosema. Nimecheza dau la 200, spini 250, nimebaki na 46,800. Nimeomba kutoa saa 2 usiku, saa 2 na dakika 20 ujumbe umeingia kwenye laini. Kesho alfajiri naenda kwa mtu wa jumla.