Binti wa Septemba: aanze shule Januari au asubiri mwaka?

MamaBinti_Kimara
Wakuu habari za saa hizi. Binti yangu anatimiza miaka 4 Septemba hii, kwa hiyo shule zikifunguliwa Januari atakuwa na miaka 4 na miezi 4. Shule moja ya binafsi huku kwetu iko tayari kumpokea, tena wanasema akionekana mwepesi wanamrusha baby class aingie moja kwa moja darasa la awali. Baba yake anasema asubiri. Nyumbani bibi yake yupo. A mpaka Z anaimba, anahesabu mpaka 20, chooni anaenda mwenyewe ila kujisafisha bado. Basi la shule linapita mtaani saa 12 kasorobo asubuhi. Nipimeje kama ameiva?

Mwl_wa_Awali
Dada, piga hesabu ukitokea darasa la kwanza kurudi nyuma. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya awali ni mwaka mmoja wa lazima, kisha mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Binti akiingia awali Januari hii, darasa la kwanza atalikuta ana miaka 5 na miezi 4. Akiingia mwaka unaofuata atakuwa na 6 na miezi 4, umri wake hasa. Kwa hiyo awali iache isubiri. Kinachobaki kuamua ni huu mwaka wa katikati, aushinde na bibi au baby class.

Hilo la kurushwa likatae. Wenzake wa umri sahihi watakuwa na miaka 5 kamili hadi 5 na miezi 11. Wanampita kwa miezi 8 hadi 19, na yeye duniani ameishi miezi 52 tu! Mwaka wa kwanza hutaona tatizo, maana awali wanaimba, wanacheza, na mtoto mwenye mdomo mwepesi anang'ara. Linajitokeza darasa la kwanza zikianza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na mkono hauwezi.

Mpime hivi. Mpe karatasi na penseli, chora umbo yeye hayupo, kisha mwonyeshe anakili. Kwa kawaida duara linawezekana kwenye miaka 3, msalaba miaka 4, mraba kati ya 4 na nusu na 5, pembetatu kwenye 5. Mraba ukitoka na kona za mviringo kama kiazi, au kona zimeota masikio, mkono bado. Herufi kama k, A na M zina mistari ya mshazari ile ile ya pembetatu. Ukimlazimisha kabla ya wakati anashika penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, anachoka baada ya mistari miwili, na mwalimu anamwita mvivu. Mshiko mbaya ukishazoeleka, kuuondoa ni kazi ya miezi.

Kuhesabu nako kuna mtego. Panga vizibo 7 vya soda mezani, ahesabu. Akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, anachojua ni wimbo wa namba. Kisha mwambie, "Nipe vitano." Akikupa gao zima la mkono, bado hajajua tano ni kiasi gani. Si aibu, ni umri.

Kwa bibi kuna mazoezi mazuri kuliko daftari: kukanda unga wa chapati, kumenya karanga, kuchambua maharage, kubana nguo kambani kwa vibanio, kufunga vifungo vya shati.

Nesi_Kliniki
Mimi ningeanza na hilo basi kabla ya A mpaka Z. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Basi likipita saa 12 kasorobo, ataamshwa saa 11 alfajiri. Ili afikishe saa 10 bila kulala mchana, awe ameshasinzia saa 1 usiku, na kwa nyumba nyingi za Dar baba hajafika hata kwenye foleni ya Ubungo. Akilala mchana saa moja na nusu, mwisho ni saa 2 na nusu usiku, na hapo ni kiwango cha chini kabisa. Mtoto anayekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, huwa mkorofi, analia kwa jambo dogo, anauma wenzake. Unaitwa shule kuambiwa ana tabia mbaya.

Choo: kujisafisha afundishwe sasa, na kwa binti ni mbele kwenda nyuma, kinyume chake anabeba wadudu wa haja kubwa mpaka kwenye njia ya mkojo. Angalia pia choo cha shule. Vingi ni vya kuchuchumaa, na mtoto aliyezoea kukaa anaweza kubana mkojo mpaka arudi nyumbani, matokeo yake ni kufunga choo na UTI. Mzoeshe kuchuchumaa wiki kadhaa kabla. Nguo iwe ya mpira kiunoni, bila zipu wala mkanda.

Fungua na kadi ya kliniki. Chanjo ya surua-rubella ya miezi 9 wengi wanayo, ya pili ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika. Halafu simama nyuma yake hatua tatu, mnong'oneze jina. Asipogeuka mara mbili tatu, mpeleke apimwe masikio. Mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka kwa umri huu ni ya kawaida, na akianza kuchanganyika na wenzake yataongezeka, usidhani shule ni chafu.

Wa_Kisauni
Msije mkachanganya na ushauri wa huku kwetu Kenya. Mtaala wetu una miaka miwili kabla ya Gredi ya 1: PP1 akiwa na miaka 4, PP2 akiwa na 5. Binti huyu angekuwa Mombasa angeingia PP1 Januari na hakuna angemwita mdogo. Na wale wanaotaja Finland kila mjadala, ni kweli darasa la kwanza huko ni miaka 7, ila wana mwaka wa maandalizi wa lazima akiwa na miaka 6, na wengi wameshapita vituo vya malezi miaka kadhaa. Hawakai sebuleni na katuni.

BabaPacha
Hapo kwa katuni ndipo napingana kidogo na wanaosema "asubiri" wakaishia hapo. Nyumbani kunatosha kama bibi ana nguvu, anaongea naye, na wapo watoto wa kucheza nao. Kama ni TV toka asubuhi, baby class ya nusu siku inamfaa zaidi, lakini ya kwenda kwa miguu, si ya basi la alfajiri.

Nenda kukagua saa 4 asubuhi, wakati wa uji, usiende saa ya kuripoti ambapo kila kitu kimepangwa. Hesabu vichwa: kwa awali kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, wa miaka 4 wawe pungufu ya hapo. Omba kuona daftari la mtoto yeyote. Ukikuta kurasa za "a a a a" na homuweki kwa mtoto wa miaka mitatu, aga uondoke. Geti linafungwa? Maji ya kunawa yako karibu na choo au mpaka jikoni? Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na wanamtambuaje? Kama ni kituo cha kulelea watoto mchana, waulize cheti cha usajili kutoka Ustawi wa Jamii.

Cheti cha kuzaliwa kama huna, fuatilia mapema. Watoto chini ya miaka 5 wana utaratibu wao wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, wengi huandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata.

MamaBinti_Kimara
Asanteni sana. Mraba umetoka kiazi kweli, na vizibo kahesabu upya mara tatu. Awali tumeahirisha. Kuna kituo dakika 10 kwa miguu, wanatoka saa 6 mchana. Akilia je?

Mwl_wa_Awali
Atalia, mtegemee. Siku mbili za kwanza bibi akae naye ndani saa moja, warudi wote. Siku ya tatu bibi akae nje ya darasa anapoonekana. Ya nne aage, aondoke, arudi baada ya saa moja na nusu. Wiki ya pili ndipo afike saa 6. Msitoroke kimyakimya akiwa anacheza, kesho yake hatacheza, atakaa analinda mlango. Muageni kwa sentensi moja, mtaje kitu anachokijua: "Bibi anarudi mkimaliza uji." Halafu arudi kweli uji ukiisha. Wengi hutulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Kama baada ya hapo bado analia siku nzima, hali wala hachezi, mpumzisheni mjaribu tena muhula ujao. Na mkatieni kipande kidogo cha kanga ya bibi, akae nacho mfukoni.